Wasabato Watatu kwa Zabuni Moja

Alhamisi, tarehe 15 Mei, saa kumi na dakika saba alasiri, simu ya Dorkas ililia mara tatu mfululizo, na kabla hajaigusa alikuwa ameshajua kwamba maisha yake yamekwisha. Yalikuwa yanakwisha hivyo karibu kila wiki, ila safari hii hakuwa mbali na ukweli. Steshenari yake ipo Kiabakari, hatua kumi na nne kutoka barabara ya Musoma, hatua alizozihesabu mwenyewe, na mbele ya dirisha lake ndipo kilipo kijiwe cha mafundi: ubao mrefu uliowahi kufungia zege, umelazwa juu ya matofali, saruji bado imeng'ang'ania pembeni, na jiko la kahawa la Mama Jenoveva limekaa kwenye ncha yake kama mwenyekiti wa kikao. Wenye ubao ni watatu. Magige wanamwita Kokoto, kwa sababu akicheka ni kama lori linamwaga mawe. Stanslaus ni Katiba, maana hakuna jambo chini ya jua ambalo hajui ibara yake. Mseti ni Rula, na huyu katika miaka ishirini na mbili ya ujenzi hajawahi kumiliki futi kamba. Hufumba jicho moja, jicho la pili linamletea jibu. Dorkas naye walishambatiza. Walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kumrudisha Katiba nyumbani mara mbili kwa muhuri uliopinda.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake kwa sababu yeye ndiye aliyewafungulia mafundi hao barua pepe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikumbuka nywila. Zilikuwa barua tatu kutoka halmashauri, na zote zilisema jambo moja. Zabuni ya kujenga matundu manane ya vyoo vya Shule ya Msingi Kirumbati, ambayo kila fundi aliomba kivyake, imewekwa kando. Kila mmoja aeleze kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana kesho Ijumaa, kwa nini asifungiwe kwa kosa la kula njama na wazabuni wenzake. Sababu ilikaa kwenye aya ya tatu, imetulia kama nyoka kwenye kuni: mipango kazi ya wazabuni hao watatu inafanana neno kwa neno, ikiwemo sharti kwamba "fundi na vibarua wake hawatafanya kazi kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, kwa kuwa fundi ni Msabato."

Dorkas aliisoma aya hiyo mara nne. Rula ni Msabato, hilo kila mtu analijua. Kokoto ni Mmenonaiti. Katiba ni Mkatoliki, tena ndiye anayetunza ufunguo wa kanisa la kigango.

Hakuhitaji kujiuliza imekuwaje. Mpango kazi wa Rula aliuandika kwa siku tatu, akamhoji kila kitu, mpaka siku zake za ibada. Kisha siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika hamsini Mfumo wa zabuni ufungwe, Kokoto na Katiba walitokea mlangoni bega kwa bega, mikono mitupu, wakasema, "Na sisi tuwekee." Akanakili wa Rula. Akabadilisha majina, namba za mlipakodi, bei, simu, hata umri. Akapitia mkato kwa mkato mara tatu. Nukta zote alizihakiki. Mungu ndiye hakumhakiki.

Mafundi wakifungiwa, hawatagusa kazi ya halmashauri kwa muda usiopungua mwaka, na Kiabakari fundi asiyegusa kazi ya halmashauri husakafia makaburi akisubiri watu wafe. Na yeye, mwenye shahada ya manunuzi na ugavi, anayesubiri ajira mwaka wa tatu sasa, atajulikana kama msomi aliyeandaa zabuni tatu zinazoshindana, kwenye kompyuta moja, akashindwa kukumbuka nani anasali wapi. Alichapa barua tatu. Akazikunja kwa namna ambayo aya ya tatu iliingia ndani ya kunjo. Akatoka.

— Nukta huyo! alisema Kokoto. Leo uso umekuwa kama umeme umekatika. Tumepata?

— Hamjapata.

— Nani kapata?

— Hawajasema. Wanasema... Wanasema nyinyi watatu mmekula njama.

Vikombe vitatu vilisimama hewani. Dorkas alijiandaa kwa kelele, kwa hasira, kwa viapo vya mbingu na ardhi. Rula ndiye aliyefungua mdomo kwanza, tena kwa sauti ndogo.

— Wamejuaje?

— Wamejua nini? aliuliza Dorkas.

Mafundi wakatazamana. Mama Jenoveva akapuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

— Si ule utaratibu wetu, alisema Kokoto. Tulikaaga hapahapa, Jumatatu ile. Tukasema atakayepata anawaita wenzake wawili. Mmoja msingi, mmoja ukuta, mmoja lipu.

— Kila zabuni?

— Kila zabuni. Tangu enzi za sanduku la mbao lenye kufuli. Wewe ulikuwaga bado unanyonya.

Dorkas alikaa kwenye ncha ya ubao. Alikuwa amekuja na kosa lake moja, amelikunja vizuri kwenye karatasi, kumbe wenzake walikuwa na la kwao kubwa zaidi wamelikalia.

— Kanuni zinasema mshindane, alisema. Kila mzabuni ajitegemee. Asijue bei ya mwenzake. Mlisaini tamko.

— Tulishindana! alisema Katiba. Kila mtu aliandika bei yake, hatukuonyeshana.

— Mimi nilimwonyesha Rula kidogo, alisema Kokoto.

— Kidogo kiasi gani?

— Yote. Lakini alifumba jicho moja.

— Lililobaki wazi ndilo analopimia! alisema Mama Jenoveva.

— Mficha uchi hazai, alisema Kokoto. Ndiyo maana nilimwonyesha.

— Binti, sikiliza, alisema Katiba, akanyoosha kidole kama anayeomba kuchangia hoja bungeni. Kuitana kazini si njama. Ni ujirani. Ujirani uko kwenye ibara.

— Ibara ya ngapi?

— Ziko nyingi.

Hapo ndipo Dorkas alipotakiwa kusema. Karatasi ilikuwa mkononi, kunjo lilikuwa moja tu. Lakini walikuwa wameshaondoka, si kwa miguu, kwa mawazo, na mtu mwenye wasiwasi hapendi kusimamisha gari lililokwisha ondoka, hasa likiwa linaelekea kwa mtu mwingine.

— Kuna mtu ametuchoma, alisema Kokoto. Hapa kijiweni kuna sikio lisilo letu. Mama Jenoveva, wewe Jumatatu ile ulikuwepo.

— Nilikuwepo. Mlikunywa vikombe kumi na viwili. Ningetaka kuwachoma, kahawa ninayo, tena inachemka.

— Basi ni simu, alisema Katiba. Mfumo unasikilizaga kwenye simu. Juzi nilimwambia mke wangu "bati," neno moja tu, bati. Kufungua simu, tangazo la bati. Sijataja hata geji!

— Kwani simu yako si ya tochi? aliuliza Rula.

— Tochi ndiyo jicho lake.

— Mimi naona mnatafuta chini kitu kilicho juu. Rula alifumba jicho moja, akaangalia mawingu, kama anayepima umbali. Ni setilaiti. Barabara ile ya vumbi waliipimaje bila mtu kushuka na kamba? Setilaiti. Sasa inapita hapo juu, inaona nini? Wazabuni watatu, ubao mmoja. Mwenda pole hajikwai. Ile inaendaga pole, haijikwai, inaandika tu.

— Mura, ndugu yangu, unataka kusema inatuona sasa hivi? aliuliza Kokoto.

— Sasa hivi.

Kokoto aliangalia juu. Halafu, taratibu, bila kuaga, aliinuka na kikombe chake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuka barabara ya Musoma na kusimama upande wa pili, chini ya bango la mbegu za mahindi. Rula akajisogeza mpaka mwisho wa ubao. Katiba alibaki katikati, ila aligeuka akakaa kuelekea nyuma.

— SASA TUNAJITEGEMEA! alipiga kelele Kokoto kutoka ng'ambo.

— UNASEMAJE? aliuliza Katiba, akiuambia ukuta.

— NASEMA BEI YANGU MIMI SIITAJI TENA!

Lori la ng'ombe likapita kati yao kuelekea mnadani, na lilipokwisha kupita Kokoto alikuwa amefunikwa vumbi jeupe kama keki ya ubatizo. Alirudi.

— Afadhali setilaiti, alisema, akajipangusa.

— Haikuwa setilaiti, alisema Katiba. Nimefikiri nikiwa nimegeuka, na mtu akigeuka anaona mbali. Ni akili bandia. Mfumo una pua. Nyie hamjiulizi kwa nini zabuni zetu tu? Zile karatasi zetu zote tulizisainia hapa, juu ya ubao huu. Zinanuka kahawa. Tena kahawa ya tangawizi, hakuna nyingine kama hii mpaka Bunda.

— Yangu ilimwagikiwa kabisa, alikiri Kokoto.

— Unaona? Ikafika kule, ikanusa ya kwanza, ikanusa ya pili. Ikasema, hawa wanatoka chungu kimoja.

— Harufu inapitaje kwenye skana? aliuliza Dorkas, kwa sababu kuna makosa ambayo hata katika msiba wake mwenyewe hakuweza kuyaacha yapite.

— Picha inapita?

— Inapita.

— Basi harufu ina ulemavu gani?

Dorkas alikuwa amesoma miaka mitatu chuoni, na hakuna somo lililomwandaa kwa swali hilo.

— Leteni hiyo karatasi, alisema Mama Jenoveva. Watu wazima mnabishana na mbingu, barua haijasomwa. Wewe Nukta mbona umeikunja kama hirizi?

Alizichukua zote tatu kabla Dorkas hajajibu. Mama Jenoveva husoma masomo kanisani Jumapili, na hana namna nyingine ya kusoma. Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza kwa sauti ya nyaraka za mitume. Aya ya kwanza ikapita. Aya ya pili ikapita. Dorkas aliangalia sisimizi waliokuwa wakivuka ubao, wakibeba chembe ya kashata, na akawaonea wivu.

— "...kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, kwa kuwa fundi ni Msabato." Mwisho wa somo. Yaani mwisho wa aya.

Hakuna aliyeitikia.

— Rudia hapo kwenye Msabato, alisema Kokoto.

Akarudia.

— Hiyo ni barua ya Rula.

— Juu imeandikwa Magige. Na hii Stanslaus. Na hii ndiyo ya Mseti. Zote Wasabato.

Kokoto alimgeukia Rula polepole.

— Rula. Umeniingiza kanisani kwenu lini?

— Mimi? Mimi nimekualika makambi ya kanisa miaka tisa, hujaja hata siku ya chakula!

— Basi nani kaandika?

Dorkas alisogea mbele. Alifungua mdomo. Alikuwa na sentensi tayari, fupi, yenye kiima na kiarifu.

— Msimwangalie huyu, alisema Katiba. Nukta hawezi. Huyu alinirudisha nyumbani kwa muhuri. Muhuri umepinda hivi tu, kama nywele. Mtu anayeona nywele ataacha kuona Sabato nzima?

— Kweli, alisema Rula. Huyu hakoseagi.

— Mimi hata pesa za watoto namwachiaga, alisema Kokoto.

Sentensi ya Dorkas ilirudi ilikotoka. Kama wangemtukana angekiri mara moja, kwa uchungu na kwa raha. Lakini walimsifu, na sifa ilimkaba shingoni kama shanga za kuazima.

— Ni Mfumo, alisema Katiba, na macho yake yakaanza kung'aa kwa namna iliyomwogopesha kila mtu aliyemfahamu. Mfumo umechanganya. Lakini sikilizeni. Tukisema Mfumo umekosea, tunagombana na Serikali. Tukisema sisi tumekosea, tumekula njama. Sasa je, kama hakuna aliyekosea?

— Kivipi?

— Kama sisi wote ni Wasabato.

Kokoto alijitazama kifuani, kama anayetafuta Usabato ulipoingilia.

— Ibara ya kumi na tisa, alisema Katiba. Uhuru wa dini. Wazabuni watatu, imani moja, kila mtu kaeleza siku yake ya ibada kwa maneno ya imani yake. Wasabato wote wanasema jua linapozama, au kuna wanaosema jua linapochanganyikiwa? Maneno lazima yafanane! Nani atatufungia kwa sababu ya kusali? Hata waziri ataogopa.

— Lakini wewe ni Mkatoliki, alisema Mama Jenoveva. Una ufunguo.

— Ufunguo nitarudisha ikithibitika.

— Mchungaji wangu akisikia? aliuliza Kokoto.

— Mchungaji wako anajenga vyoo? Ni kwa barua tu. Mvumilivu hula mbivu.

— Hiyo methali inahusikaje?

— Itahusika mbele.

Rula, ambaye alizaliwa Msabato, baba yake Msabato, babu yake alionyeshwa Biblia na wamisionari wenyewe, alijisogeza kutoka mwisho wa ubao. Halafu akasema kwa unyenyekevu kwamba kama ni hivyo, yapo mambo machache wanayopaswa kuyajua, wasije wakaulizwa.

— Kwanza nguruwe, hapana.

— Hiyo rahisi, alisema Kokoto. Bei yake yenyewe.

— Samaki asiye na magamba, hapana. Sato sawa. Sangara sawa. Kambare, hapana.

— Mumi? Hata wa kukausha?

— Hata wa kukausha.

Kokoto alishika kifua. Kwao ni ufukweni, rasi ile ya Majita, na mumi wa kukausha ndiye aliyemlea.

— Halafu, alisema Rula, na hapa sauti yake ikawa nyembamba, kahawa.

— Kahawa nini?

— Hatunywi.

Wote wakaangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwa Rula. Kilikuwa cha tatu.

— Yangu ni ya dawa, alisema Rula.

— Miaka ishirini na mbili unaumwa nini? aliuliza Mama Jenoveva. Na mimi nyie mkiokoka nauza kwa nani? Kwa setilaiti?

Hata hivyo waliweka vikombe chini, kimoja baada ya kingine, kwa uchungu wa kweli. Na Katiba akamgeukia Dorkas.

— Binti, tuchapie barua. Moja tu, tusaini wote watatu.

Dorkas aliingia ndani akachapa. Tumia akili, alijiambia, waambie. Badala yake alipanga pambizo. "Sisi wazabuni watatu, kwa kuwa ni waumini wa Kanisa moja..." Akahakiki mikato. Akaona kwamba mipango kazi mitatu inayolalamikiwa kwa kufanana sasa inajibiwa kwa barua moja, na kwamba hilo nalo ni kosa, akalirekebisha: akatengeneza nakala tatu, zinazofanana neno kwa neno. Alipogundua alichokifanya aliweka paji la uso juu ya kibodi, na kibodi ikaandika mstari mzima wa herufi moja.

Aliwapelekea. Walisaini juu ya ubao, kwa kalamu moja, wakipokezana. Hakuna aliyesoma.

— Kesho asubuhi uzipeleke halmashauri, alisema Katiba. Wewe ndiye unayejua milango.

Wino haujakauka, pikipiki ilisimama. Alishuka mwanamke wa makamo, buti za mpira zina matope mpaka magotini, kofia ya njano ya ujenzi kwapani.

— Hamjambo hapa. Naitwa Ghati Mugeta, natoka Mwitongo. Mama, nipe kahawa.

— Karibu sana, alisema Mama Jenoveva, kwa upendo ambao hakuwa nao dakika tano zilizopita. Wewe si Msabato?

— Hapana.

— Mungu akubariki. Nikuwekee viwili?

Ghati alikunywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama. Alieleza kwa kifupi, kama mtu mwenye kazi. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Waliomba zabuni ya kalavati mbili za barabara ya kijiji, kwenye zile kazi zinazotengwa kwa vikundi, na wamepata. Mkataba walisaini juzi.

— Nani aliwajazia? aliuliza Dorkas, kabla hajaweza kujizuia.

— Tulijaza wenyewe, kwa simu, tukiwa sita tumeinama juu yake. Wakaturudishia tufafanue sehemu tano. Makosa kibao, mwanangu, ila yalikuwa yetu, kwa hiyo tulijua pa kuyatafutia.

Dorkas aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemlenga kwa neno hilo, na ndiyo maana lilimpata.

— Sasa nina vibarua, sina mafundi, aliendelea Ghati. Nahitaji wawili wanaojua kusuka nondo na kumwaga zege. Malipo ni kwa siku, jioni unaondoka nayo. Na baada ya kalavati kuna kuta za pembeni, wiki tatu nzima. Nimeambiwa Kiabakari kuna watatu hawafungiki.

— Ndio sisi! alisema Kokoto, mawe yakamwagika. Umefika, dada. Umefika nyumbani.

— Vizuri. Mashine ya zege tumeikodi siku moja tu, keshokutwa, tukiikosa hiyo mpaka mwezi ujao. Ghati aliweka kikombe chini. Nani kati yenu anafanya kazi Jumamosi?

Lilikuwa swali dogo. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu kwa kunyoosha mkono.

Kokoto alinyoosha mkono, ukafika usawa wa sikio, akaona barua juu ya ubao yenye saini yake, mkono ukajikuna kichwa. Katiba alifungua mdomo, akatafuta ibara, hakuipata. Rula, mtu pekee ambaye jibu lake lilikuwa la kweli na la siku zote, aliwatazama wenzake, akaona kwamba akisema "mimi siwezi" atakuwa amewalazimisha na wao kujibu, akaangalia mawingu kwa jicho moja.

— Hakuna? aliuliza Ghati.

— Siyo kwamba hakuna, alisema Kokoto.

— Basi yupo.

— Siyo kwamba yupo.

— Dada, hili jambo lina upana wake, alisema Katiba. Kuna Jumamosi ya barua na kuna Jumamosi ya mwili.

Ghati aliwatazama mmoja mmoja, kama anayekagua matofali mabichi. Halafu alimtazama Dorkas, labda kwa sababu alikuwa mwanamke, labda kwa sababu alikuwa na kalamu. Dorkas alilijua jibu. Alilijua lote, kwa majina. Alifungua mdomo na sauti iliyotoka ilisema:

— Unaweza kuniachia namba yako?

Aliiandika vizuri, akaisoma kwa sauti, akaihakiki. Ghati alisema akikosa jibu kabla ya saa tatu kesho asubuhi atakwenda Nyasura, huko mafundi wanajua siku wanazofanya kazi. Akapanda pikipiki. Walisikiliza mlio wake mpaka ukaisha.

— Wiki tatu, alisema Kokoto. Hakusema kwa nguvu, na hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Dorkas kuliko kama angelia. Wiki tatu, na malipo jioni. Mwanangu Boke amerudishwa nyumbani na shule kwa kukosa sare. Na mimi nimekaa hapa, nimekuwa Msabato.

Alinyoosha mkono kuchukua kikombe chake, akakumbuka, akauacha mkono hapo juu ya ubao, umefunguka.

Asubuhi ya Ijumaa, saa moja na dakika ishirini, Dorkas alikuwa ameketi kwenye benchi la masjala ya halmashauri, dakika kumi kabla hawajafungua. Barua tatu za Wasabato alikuwa amezichana nyumbani, kila moja mara nne. Mkononi alikuwa na barua moja, ya aya moja, ambayo hakuihakiki hata mara moja kwa sababu alijua akianza hatatoka. Ilisema kwamba mipango kazi yote mitatu aliiandika yeye. Kwamba wa kwanza ulikuwa wa Mseti na mingine miwili aliinakili kwa haraka bila wenyewe kujua. Kwamba Magige Masatu na Stanslaus Wambura hufanya kazi Jumamosi na wamefanya hivyo maisha yao yote. Na kwamba kama kuna wa kufungiwa, aanze yeye. Kuhusu ule utaratibu wa kuitana kazini hakuandika lolote. Alijiambia, kwa woga, kwamba hilo si lake kulisema, na kwamba wenyewe atawaambia kwa maneno makali.

Karani wa masjala aliisoma, akainua macho.

— Wewe ni mzabuni namba ngapi?

— Mimi si mzabuni. Mimi ndiye niliyekosea.

— Una uhakika unataka nigonge muhuri?

— Gonga. Na nakala yangu pia.

Muhuri wa nakala ulipinda. Dorkas aliuona, akaumia, akashukuru, akatoka.

Nje, kwenye ngazi, alimpigia Ghati. Alisema Magige na Stanslaus wanafanya kazi Jumamosi, Mseti ataungana nao Jumapili asubuhi, na kwamba sasa hivi wenyewe hawajui kama wamepata kazi lakini watajua ndani ya dakika mbili. Ghati akacheka, akasema waje na kofia.

Halafu Dorkas alikaa kwenye ngazi ya tatu, akavuta pumzi, akatafuta jina la Kokoto. Simu iliita mara moja tu.

— Mzee Magige, shikamoo. Kaa chini kwanza. Hapana, hakuna aliyekufa. Ni kuhusu dini yako.